Bi Mkubwa Ametoka Bandani

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Mkono wenyewe unakataa.

Nianze na lile ambalo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali yangu. Gari limewaka. Limetoka bandani bila kusukumwa, limevuka Jangwani, limefika Kariakoo na limerudi nyumbani Magomeni salama. Nimeona nikwambie mapema ili usinisome kwa wasiwasi, maana kulikuwa na siku niliamini kabisa kwamba limekufa.

Unakumbuka ulipopata kiharusi, miguu ikakataa, ukawa hufiki tena bandani. Ulilala chumba cha mbele na kila asubuhi uliuliza kwa ule ulimi mzito, "Bi Mkubwa yupo?" Wageni walikuwa wanamtazama mama kwa huruma, wakidhani ana mke mwenza. Mama anacheka, anawaambia, "Bi Mkubwa ni lile gari jeupe. Alilinunua kabla hajanioa, kwa hiyo mimi ndiye bi mdogo." Na sisi tulikujibu kwamba yupo, hajambo. Hatukuwa tunakudanganya. Kaka Hamisi alikuwa amenunua nailoni nene, ile ya kufunikia mizigo ya malori, akalizungushia gari lote kuanzia paa mpaka matairi, akalikaza kwa kamba. Tuliona amelihifadhi vizuri. Tuliona gari limevaa koti.

Ukaondoka, baba.

Nilidhani nitaweza kuandika sentensi hiyo na kuendelea. Nimesimama kidogo, nimekwenda kunywa maji.

Tulipomaliza arobaini yako, Kaka Hamisi alituita sebuleni. Yeye maisha yake yako Mbeya na likizo yake ilikuwa inaisha. Alisema, "Baba hayupo. Mimi siko hapa. Zuhura hajui hata kushika usukani. Lile gari litaliwa na kutu mle ndani mpaka liwe chekeche. Tuliuze sasa hivi likiwa bado gari, tusije tukauza chuma chakavu."

Usimkasirikie. Alikuwa anaongea huku macho mekundu. Kwa maneno yake alikuwa na haki pia, kwa sababu sote tuliamini hakuna wa kuliendesha. Mama alikuwa chumbani, kwenye eda yake. Alisema kutoka nyuma ya pazia, taratibu, "Asiliguse mtu mpaka nitoke." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha masika yakaja, na unayajua masika ya huku kwetu bondeni. Maji hayakuingia ndani, lakini ardhi yote ilikuwa kama kitambaa kilichokamuliwa vibaya. Nguo zilikaa kambani siku nzima na jioni nazianua zingali mbichi. Nilikuwa nasikia mvua ikipiga mabati ya banda nikiliwaza gari. Lakini lililokuwa linaniumiza zaidi ni mama. Alikuwa anakonda. Namwekea wali, anachezea punje mbili tatu, anasema ameshiba. Nikirudi kutoka dukani kwangu Kariakoo namkuta amekaa palepale nilipomwacha, redio imezimwa. Shangazi aliniambia nimwache, kwamba majonzi hayaharakishwi. Nilimwacha, lakini niliogopa. Niliogopa kwamba tutawazika wawili ndani ya mwaka mmoja.

Alipotoka eda, Kaka Hamisi alisafiri kuja kwenye dua. Watu walipotawanyika, kitu cha kwanza mama alichoomba ni ufunguo wa banda.

Kaka alikata kamba, akavuta ile nailoni, na maji yakatuchuruzikia miguuni. Upande wa ndani ulikuwa na matone kama mfuniko wa sufuria ya wali. Rangi ilikuwa imeumuka chini ya milango, juu ya madigadi, pembeni mwa buti. Nilipogusa ukingo wa mlango wa dereva, vipande vya kutu vilibaki kwenye vidole vyangu. Ndani, mazulia yalikuwa yamelowa na yananuka uvundo. Kaka Hamisi alichuchumaa, akashika kichwa. Mimi nilikuwa nataka kutoka nje tu, nisione. Mama alizunguka gari lote, pole pole, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. Akasema, "Mwiteni Mponda."

Fundi Mponda wako wa Buguruni, aliyekuwa akilinyooshea mabati tangu mimi niko shule ya msingi, alikuja siku ileile. Sasa ana mvi kichwa kizima. Alikaa kwanza kwenye jamvi, akatupa pole, akakuombea. Halafu alipandisha gari kwa jeki, akaliwekea magogo, akatandika gunia na kuingia chini. Tulimsikia akigonga kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusikiliza chuma namna hiyo. Mlio ulipobadilika kidogo, mama alinishika mkono, na tulibaki tumeshikana mpaka fundi alipotokeza kichwa.

"Mzee alikuwa anapaka oil chafu huku chini?"

"Kila kabla ya masika," mama akajibu.

"Basi ndiyo iliyoliokoa gari. Chasisi ni nzima. Sakafu ni nzima. Hii kutu mnayoiona ni ya ngozi tu. Sehemu mbili za milango nitazikata na kuchomelea upya, kwingine ni msasa na rangi."

Kaka Hamisi aligeukia ukutani akajipangusa uso kwa shati. Alipogeuka, aliuliza kuhusu nailoni, na sauti yake ilikuwa ndogo. Fundi akamwambia, "Unyevu unapanda kutoka ardhini, ukilizungushia nailoni haupati pa kutokea. Linatokwa jasho lenyewe humo ndani. Wengi wanafanya hivyo, wewe si wa kwanza. Lifunike shuka la pamba, livute pumzi." Kaka alicheka kidogo. Tangu msibani sikuwa nimemwona akicheka.

Baba, nilikukumbuka sana hapo. Nilikumbuka Jumamosi zile ambazo kwetu ulikuwa miguu tu, miguu miwili yenye kandambili ikichomoza chini ya gari. Mimi kazi yangu ilikuwa kukupa brashi na matambara. Unatoka huko mweusi kama mkaa, unachukua spoku ya baiskeli, unanionyesha vile vitundu vidogo chini ya mlango ambavyo maji hupitia, unavizibua kimoja kimoja. "Chuma hakiuawi na kazi, Zuhura," ulikuwa unasema. "Kinauawa na kukaa." Nilikuwa nachoka kuisikia. Safari hii nilivizibua mwenyewe. Matope yaliyotoka humo yalikuwa yameganda, na maji yakafuata nyuma yake.

Tulifanya kazi, wote. Kaka aliongeza likizo. Tulitoa viti na mazulia tukavianika juani mpaka vikakauka kabisa. Fundi Mponda alikata, akachomelea, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeupe. Chini tulilipaka upya oil chafu kama ulivyokuwa ukifanya. Banda nalo halikubaki vile vile. Sakafu ya udongo tumeimwagia zege, tukatanguliza nailoni ileile ya kaka chini ya zege ili unyevu usipande. Ukutani tumetoboa matundu ya hewa, pande mbili zinazotazamana, tukayawekea wavu. Ukiingia sasa unasikia upepo ukipita.

Siku tuliyofunga betri mpya na kumwaga petroli iliyochacha na kutia mpya, gari lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, likanguruma. Majirani walitoka. Lakini Fundi Mponda akatuonya. "Msije mkawa mnaliwasha hapa bandani na kulizima. Hiyo inaacha maji kwenye ekzosi, italiwa kutokea ndani. Kila wiki litoke, liende mpaka lipate moto sawasawa."

Kaka Hamisi alinitazama. Mimi nikatazama chini. Tulikuwa tumerudi palepale sebuleni, kwenye swali lile. Akaanza kusema kwa upole kwamba angalau sasa mnunuzi atapata kitu kizima.

Mama akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Aliingia upande wa dereva. Akavuta kiti mbele, akaweka vioo sawa, akafunga mtandio vizuri. Kaka akasema, "Mama, unafanya nini?" Mama akawasha gari. Alikanyaga klachi, akaingiza gia, na gari likatoka uani taratibu, kimya, bila kushtuka hata kidogo. Lilikwenda mpaka mwisho wa uchochoro. Likarudi kinyumenyume, baba. Kinyumenyume, kati ya ukuta wa jirani na meza ya muuza vitumbua, na hakugusa kitu.

Hukutuambia. Miaka yote ile hamkutuambia, wewe na yeye. Alishuka akatusimulia huku akifuta usukani: kwamba mlipokuwa mmeoana karibuni ulikuwa unamchukua alfajiri, kabla hujakwenda kuegesha teksi Kariakoo, unampeleka viwanja vya Jangwani kumfundisha. Kwamba alipata na leseni. Kwamba ulikuwa unasinzia makusudi kwenye kiti cha abiria ili ajue unamwamini. "Halafu mkazaliwa nyinyi," akasema. "Gari likawa la kutafutia ugali kutwa kucha. Nikahamia kile kiti kingine, nikazoea." Aliyasema hayo bila kinyongo. Kaka Hamisi alikuwa amekaa kizingitini, mdomo wazi.

Usiwe na hofu kuhusu sheria. Ile leseni ilikuwa imeshakwisha muda wake zamani, kwa hiyo alikwenda kusoma upya chuo cha udereva, katikati ya vijana, na akafanya mtihani. Kijana mmoja wa pale bado anampigia simu kumwamkia.

Siku hizi kila wiki mama anatoka na Bi Mkubwa. Ananipeleka dukani, tunapita Jangwani ikiwa hakujafurika, tunaingia Kariakoo kwenye ule msongamano wa mikokoteni na bodaboda, na yeye ametulia utadhani yuko jikoni kwake. Wazee wawili wa kijiwe chako cha teksi bado wapo. Walipoliona gari walisimama. Walipoona nani yuko kwenye usukani, mmoja alimwambia, "Shemeji, karibu kijiweni." Tukipita njia ya baharini, jioni analiosha kwa maji baridi, chini na juu, kuondoa chumvi. Wala hanisubiri.

Na anakula, baba. Anakula na kuongeza. Usiku namsikia akikoroma, nami nalala usingizi ambao sikuulala tangu ulipougua. Kaka Hamisi anapiga simu kutoka Mbeya, haulizi tena habari za kuuza. Anauliza, "Madigadi ya nyuma mmeyatazama?"

Sitasema sikulilii. Juzi nilikuta kitana chako chini ya kiti nikakaa nacho kwa muda mrefu. Lakini ile hofu niliyokuwa nayo kifuani, ya kwamba umeondoka na vyote, imetoka.

Nakuahidi hili. Kabla ya kila masika mimi ndiye nitakayeingia chini na brashi, na kitakachoonekana ni miguu yangu tu. Vitundu vya milango nitavizibua. Na mimi mwenyewe nimeanza kujifunza; mama ananipeleka Jangwani alfajiri, na ananigombeza kuliko wewe ulivyomgombeza yeye. Pumzika, baba. Mola akulaze mahali pakavu, penye upepo mwema, na akukutanishe na kila uliyemwombea.

Ningeandika zaidi, lakini mama anapiga honi huko nje, na hapendi kusubiri abiria.

Mwanao,
Zuhura