RAM Iliyokataa Kuingia

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, tena nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kutabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Wewe je? Baridi ya huko imekuonea huruma?

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kujuliana hali. Mambo ya maana huandikwa. Miaka thelathini nimepiga chapa barua za wakubwa ofisini, siwezi kuja kuzeekea kwenye "haloo, haloo, unanisikia?"

Haya, jambo lenyewe. Ile kompyuta ya mezani niliyonunua mkono wa pili nilipostaafu imechoka kunizidi. Naiwasha, nafagia uwanja, naosha vyombo, nikirudi bado inazungusha kile kiduara chake. Wateja wangu wa kuchapiwa barua wanakaa kwenye kochi wanaitazama kama ndugu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Na sasa mwalimu mkuu wa shule ya jirani anasema kazi ya kuchapa mitihani yao ni yangu, kila muhula, mradi mashine iwe imepona ifikapo tarehe moja Aprili.

Mpya siiwezi. Lakini akiba ndogo ninayo, na wewe ninaye. Nina fundi wa kompyuta wa kampuni kubwa ndani ya ukoo, nikaombe ushauri barabarani? Niambie nibadilishe nini, nitanunua hicho hicho.

Shangazi yako

21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na goti pole. Mimi sijambo, kazi tu ndizo zinanibana.

Tatizo la mashine yako ni RAM. RAM ni kama meza ya kazi: ikiwa ndogo, karatasi zinarundikana na mambo hayaendi. Nunua RAM moja ya giga nane, aina ya DDR4, ndiyo ya kisasa. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha, utaiona ya zamani imesimama kwenye mfereji wake. Itoe, weka mpya. Ikigoma usiogope. Isukume kwa madole gumba yote mawili mpaka ilie "ka!"

Samahani kwa ufupi. Naitwa.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili haujambo, roho ndiyo ina jambo.

Niliinunua. Nilivaa miwani, nikatandika shuka jeupe mezani kama daktari wa upasuaji. Jirani wa mlango wa pili alikuja kunishikia tochi. Ile ya zamani ilitoka vizuri. Mpya ikakataa kuingia. Nikaigeuza, ikakataa. Jirani akasema, "Mama, hiki kitu kinakwambia hapana." Nikamjibu, "Wewe unajua kuliko mwanangu? Ameandika nisukume." Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Kweli ikalia "ka!"

Nilipowasha, ukatoka moshi mwembamba na harufu ya plastiki. Tangu hapo kimya. Haiwaki hata taa.

Sikulaumu, pengine mkono wangu ndio ulikosea. Niambie tu nifanye nini. Siku zimebaki kumi na tatu.

Shangazi yako

5 Aprili

Mwanangu,

Natumai huumwi. Sijapata jibu, na simu yako inaita bila kupokelewa.

Mitihani imepelekwa kwingine. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuniambia, akakaa, akanywa chai, akashindwa kunitazama. Nikamwambia haidhuru. Kazi hutafutwa nyingine. Wewe ndiye ninayekuwazia. Andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako

26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Barua zako zote mbili nimezipata. Hii ni mara ya tano naanza kuandika, na zile nne nimezichana.

Mkono wako haukukosea. Mashine yako ni ya DDR3, aina ya zamani, nimekuja kujua baadaye nilipouliza. RAM ya DDR4 haiwezi kuingia humo, hata lile pengo dogo kati ya meno yake liko mahali pengine. Ungekuwa umemuuliza fundi wa kweli, angekuuliza kwanza mashine ni ya aina gani. Mimi sikuuliza kwa sababu sikujua kwamba huulizwa.

Shangazi, mimi si fundi. Chuo kilinishinda mwaka wa pili, ada ilipopanda. Wewe ulikuwa umeuza shamba kunileta huku, nikaona nikikwambia nitakuwa nimeliuza mara ya pili. Nikasema nitafanya kazi kidogo, nirudi darasani, usijue kitu. Miaka minne imepita. Nasafisha ofisi katika jengo la ghorofa kumi. Kompyuta ninazifuta vumbi kila siku kwa kitambaa cha buluu, mia moja na arobaini, na sijawahi kufungua hata moja. Yale maneno ya meza na karatasi niliyasoma kwenye simu wakati wa mapumziko, nikakuandikia kama yangu.

Ndiyo sababu sijaja nyumbani. Nauli haikuwa shida. Shida ilikuwa mlango wako, ukiufungua uniangalie usoni.

Nimekuharibia mashine na nimekukosesha kazi. Sijui namna ya kuomba radhi ya jambo kubwa kiasi hiki.

Mwanao, ukikubali bado kuniita hivyo

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama u mzima.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Ni mzima. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikailalia. Niliogopa kukujibu kabla hasira haijapoa, maana mimi nikiandika kwa hasira hufaulu.

Nilikasirika, sitakuficha. Si kwa sababu ya ufagio. Mimi kabla ya kupata ile kazi ya ofisini nilifua nguo za watu mpaka kucha zikalainika. Baba yako alisoma kwa sabuni ile. Nilikasirika kwa sababu miaka minne nimekuwa nikimwombea fundi wa kampuni kubwa, mtu ambaye hayupo, na wewe uliyepo, uliye peke yako na ndoo yako, hukuombewa na mtu. Hilo ndilo liliniuma.

Sasa limepoa. Tuongee ya mashine.

Kuna fundi nyuma ya soko, wanamwita Miwani Miwili, maana moja iko machoni na nyingine utosini, na huwa anaitafuta ya tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hii uliisukuma au uliigonga kwa nyundo?" Ubao mkuu, ule unaobeba kila kitu ndani ya kasha, ulikuwa umekufa. Akanitafutia mwingine wa aina ile ile kutoka kwenye mashine iliyoharibika kioo. Kisha akaniambia, hata RAM ingeingia, mashine isingepona: diski yangu ilikuwa ya zamani, ile inayozunguka kama santuri. Tukaweka SSD ndogo, diski ya kisasa isiyozunguka. RAM isiyotakiwa akaichukua, akanipa ya DDR3 na chenji kidogo. Skrubu nilifunga mimi, nilikataa aguse.

Sasa inawaka kabla sijavaa miwani. Barua hii nimeichapa humo.

Jambo moja zaidi. Jumapili walikuja wajomba na watoto wao wote, wakauliza habari zako kama kawaida yao. Nikawaambia: "Anasafisha ofisi. Chuo kilikatika. Mwenye swali aniulize mimi." Mjomba wako mkubwa akakohoa. Hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo huna tena wa kumficha kitu. Kazi hiyo nimekufanyia.

Shangazi yako, na wewe ni mwanangu. Usiandike tena upuuzi ule

20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za jengo, ndoo pembeni. Mwenzangu wa zamu alidhani nimefiwa. Nikamwambia, la, nimesamehewa. Akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza kulia.

Nimeomba likizo na nimepewa mwezi mzima. Nitafika tarehe kumi na tisa Agosti, saa nne asubuhi. Nina mkoba mmoja. Sina zawadi wala habari ya kujivunia.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Njoo hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu alipita jana, amenirudishia mitihani ya muhula ujao. Ameniletea pia kompyuta tatu za shule zilizokufa, eti nimpe Miwani Miwili azitupe. Nimeziweka chumbani kwako. Miwani Miwili amekubali kuja kila asubuhi utakapokuwa hapa. Tutazifungua sote watatu, tuone nini ni nini. Usiogope kuharibu, maiti haifi mara mbili.

Kituoni nitakuja mwenyewe. Nimepungua mwili, na kichwa chote kimekuwa cheupe. Tazama vizuri, usije ukanipita.

Shangazi yako