Fungu Lako

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Cherehani za kiwandani hazijakuchosha? Mimi mzima, ila tumbo. Linaniendesha tena, tangu uondoke limekuwa na mazoea. Daktari kasema ni vijidudu vinavyoingia na chakula au maji. Kanipa vidonge na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Maji nachemsha, mikono naosha kwa sabuni mpaka inachubuka. Sasa vinapita wapi, dirishani? Usijali. Fungu lako liko mezani, nimelifunika.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila umenitia wasiwasi. Maliza dawa zote alivyosema daktari. Nakujua, ukipata nafuu tu unazificha kabatini. Ukiona damu au ukiishiwa nguvu, nenda hospitali hapo hapo. Lakini Mama, fungu langu gani? Mimi si niko huku?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa nameza, acha kunisimanga. Napika kwa sufuria ile ile, mkono umezoea. Nakupakulia, nafunika, nakuwekea mezani. Asubuhi nikiona hukutokea, nakula mimi. Nakula baridi, maana kujiwashia jiko peke yangu naona uvivu. Na usiniambie ni kiporo. Kiporo ni chakula kilichobaki. Hiki hakikubaki, kimewekwa.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni kiwandani, wenzangu wasinione nalia. Vijidudu havijui kwamba ni fungu langu, Mama. Chakula kikilala mezani na joto hili vinazaliana humo, na hata ukikipasha moto sumu nyingine haitoki. Nimemuuliza daktari wa kiwanda, kaniambia hivyo. Nakuomba, pika cha mtu mmoja, ule kingali moto. Likizo wameninyima tena. Nikija tutapika upya.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikununia. Sasa yamekwisha. Dawa nilimaliza, na tumbo limetulia kabisa. Nimenunua kisufuria, kidogo hata kuku angekicheka. Napika, nakula, naosha, kumekwisha. Meza imekuwa kubwa mno, nakula nimeipa mgongo.

Ile sufuria kubwa nimemwomba fundi wa jirani aiweke juu ya kabati. Mimi siifikii. Utaishusha wewe.

Mama yako