Mbuzi Aliyekula Alama

Marahaba, mjukuu wangu Nakijwa! Huku Mhezi hatujambo, na shangazi yako kajifungua binti. Barua yako nimeisoma nimesimama kwa furaha!

Kumbe seli huweka alama mwanzoni mwa protini inayotakiwa kwenda nje ya seli, kisha huikata alama hiyo protini ikishapita mlangoni mwa chumba cha kusafirishia! Unauliza, kwa nini ikatwe?

Mbona sisi tulifanya hivyohivyo enzi za Ujamaa! Kila tenga la kabichi za kwenda Same tulilifunga ukanda wa jani la mgomba. Matenga yasiyo na ukanda yaligawiwa kijijini. Mlangoni mwa ghala la safari, mzee wa ghala aliukata ukanda akautupa, maana ulikwisha kuonyesha njia. Kutoka humo ndani, tenga lilikwenda kwenye lori tu.

Siku moja, matenga yakiwa bado uani, mbuzi akala kanda zote! Basi yote yakagawiwa kijijini. Lori likashuka tupu, nasi tukala kabichi mpaka watoto wakawa wanakimbia harufu yake.

Niambie upesi: protini isiyo na alama nayo hubaki nyumbani? Kama ndivyo, mwambie mwalimu wako bibi yako aliyajua hayo zamani, ila seli yetu ilikuwa na mbuzi.

Bibi yako, Naetwe