Ukoo wa Wafua Misumari

Takoma Park, Maryland
Jumapili, baada ya ibada

Kwa ndugu yangu mkubwa Peterson,

Salamu zikufikie wewe na shemeji, na wote walio chini ya paa lenu hapo Kapsabet. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo baridi ikianza hunikumbusha kwamba mimi si kijana tena. Mgongo wako je? Shemeji aliniambia umeacha kukamua mwenyewe. Kama ni kweli, basi unauma kuliko unavyokiri. Na yule ng'ombe mwenye baka usoni, amezaa? Nijibu haya hata kama mengine yatakukasirisha.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi siku hizi. Lakini kwenye simu tumejaribu: mara ya kwanza ulikata wewe, mara ya pili nikakata mimi. Ningekuandikia kwenye WhatsApp, ungejibu mstari wa kwanza kabla ya kusoma wa pili, nakujua. Barua haikatiki. Anakuletea Mama Chepngetich, muuguzi wa hapa Bowie, mzaliwa wa Mosoriot, ambaye anakuja nyumbani likizo. Mpe chai nzuri, maana amehangaika nami katika jambo hili kuliko nilivyostahili.

Jambo lenyewe ni lile ulilonituma. Ulisema binti yako Audrey hataolewa na huyu kijana Ethan mpaka ukoo wao ujulikane, na kwa kuwa mimi ndiye niliye huku pamoja naye, niende nikaulize ni watu gani, wametoka wapi, wanajulikana kwa nini. Ukaongeza kwamba mchungaji wenu amelitafuta hilo jina la Chiodaro kwenye mtandao, akaona lina mambo ya chuma ndani yake. Na kama ni wahunzi, ulisema, nisijisumbue kukupigia, jibu ni hapana. Basi nimekwenda na nimeuliza. Nakuripotia bila kutia chumvi.

Tulikwenda Jumamosi, watu watatu: mimi, Mama Chepngetich, na Bwana Godlisten, mzee wa kanisa letu. Huyu ni Mtanzania wa Moshi, nami nilimchukua kwa sababu ana sauti ya heshima na gari lisilokohoa. Tulianza kwa kukosea. Wewe unajua kwetu ni upande wa mvulana unaokwenda kwa msichana, na sisi tulikwenda kinyume kama watu waliopotea njia. Tena hatukutanguliza habari ya kilichotupeleka, kwa kuwa nilikolelewa mimi mgeni hasemi shida yake kabla ya chai. Mzee Ottavio Chiodaro, babu yake Ethan, alifungua mlango wa nyumba yake pale Bowie akaona Waafrika watatu wamevaa suti na nguo za kanisani, na mmoja ana Biblia kwapani, maana Godlisten hatembei bila Biblia. Mzee akatuambia kwa upole kwamba yeye ni Mkatoliki tangu kuzaliwa na hana mpango wa kubadilisha, akatutakia siku njema, akafunga.

Tukabaki pale tunatazama kengele. Godlisten akasema, "Jamani, hapa tumefukuzwa kistaarabu." Ikabidi nimpigie Audrey, Audrey ampigie Ethan, Ethan ampigie babu yake, ndipo mlango ukafunguliwa mara ya pili, mzee akiwa mwekundu mpaka masikioni. Alituomba radhi mara nyingi hata ikaanza kuchosha.

Walitupa kahawa chungu kwenye vikombe ambavyo kwetu vingekuwa vya watoto kuchezea. Nilimweleza kwa kile Kiingereza changu cha kazini, ninachotumia na wazee ninaowahudumia, kwamba kwetu hatumtoi binti bila kujua anaingia kwa watu gani. Nilitazamia acheke, au akasirike. Kumbe mzee alikuwa ameingoja siku ya kuulizwa hivyo maisha yake yote. Alisema watoto wake mwenyewe humkimbia akianza habari za ukoo. Ethan, ambaye alikuwa ameshafika, akainua macho kutazama dari, nami nikajua kwamba hapo hatutoki upesi.

Haya nitakayokuambia ni kama alivyoyasema yeye. Jina hili ni la kazi. Chiodo kwa lugha yao ni msumari, na Chiodaro ni mtu anayefua misumari. Zamani katika bonde lao, huko milimani kaskazini mwa Italia, kila nyumba ya pili ilikuwa na Giovanni, na padri aliyebatiza watoto alichoka kuwachanganya. Akawa anaandika Giovanni wa msumari, Giovanni wa kinu, Giovanni wa mbuzi. Kazi ya baba ikawa jina la watoto, na watoto wa watoto, hata wale ambao hawajawahi kushika nyundo. Chuma kilichimbwa juu mlimani, mto ukaendesha mivukuto, na misumari ikashuka kwenda kwenye milango, kwenye meli na kwenye soli za buti za askari. Wanawake nao walifua. Bibi yake Ottavio alikuwa akipiga nyundo huku mtoto amelala kwenye kapu kando ya fuawe, kelele hazimwamshi.

Kuhusu wingi wao, ni wachache, kaka. Alisema majina mengine ya wahunzi yamejaa Italia kama vile Mutai na Koech yalivyojaa kwetu, lakini hili la msumari ni adimu. Misumari ya kiwandani ilipokuja, bonde lilinyamaza na watu wakatawanyika. Tangu alipostaafu kazi yake ya serikali, mzee amekuwa akiwatafuta wenye jina hili. Amepata nyumba chache kule kule bondeni, wengine Argentina, na mama mmoja Australia aliyemjibu kwa kadi ya Krismasi na hakujibu tena. Alisema wote wakikutana hawajazi basi la shule. Hapa Marekani imebaki nyumba yake tu. Ndugu zake walizaa mabinti, mabinti wakaolewa, na mwenye kulibeba jina mbele ni Ethan peke yake. Nilipomwambia kwamba mimi nikiita "Mutai" kanisani nusu ya benchi itageuka, alinitazama kwa wivu kabisa.

Akataka kujua Mutai ni kazi gani. Nikamweleza kwamba si kazi, ni saa: babu yetu alizaliwa asubuhi. Akalirudiarudia lile neno polepole, akasema ni jina jema, halichoshi mikono.

Ndipo Mama Chepngetich, ambaye hajui kuzunguka, akamuuliza waziwazi kama watu wake wana laana. Godlisten alipaliwa na kahawa. Mama akaendelea kumweleza kwamba kwetu wako wanaoamini mhunzi akikasirika akakugeuzia mivukuto, nyumba yako haizai. Nilidhani sasa tutafukuzwa bila ustaarabu. Mzee akafikiri sana. Akasema laana pekee anayoijua ni uziwi: baba yake na babu yake walikufa hawasikii kitu kwa ajili ya nyundo. Lakini akasema vijiji vya chini, vya watu wa mashamba na zabibu, havikuwapa mabinti. Waliwaona weusi kwa masizi na wanaonuka moshi. Walinunua misumari yao na kuwanyima watoto wao. Aliposema hivyo, nilitazama ndani ya kikombe changu ingawa kahawa ilikuwa imekwisha.

Sasa una jibu la swali lako. Ndiyo, ni wahunzi, wa asili, hadi kwenye jina. Kijana mwenyewe anakaa ofisini akihesabu mambo ya serikali kwenye kompyuta, na picha ya harusi ya wazazi wake ameibandika ukutani kwa gundi kwa sababu msumari ulimpindikia mara tatu. Nimeiona kwa macho yangu. Lakini hukuniuliza kama anajua kufua. Uliuliza ukoo.

Ningeweza kukudanganya. Audrey aliniomba nifanye hivyo. Kabla hatujaenda Bowie nilimkuta jikoni kwake, ghorofa mbili chini ya kwangu, amevaa bado nguo za kazi kutoka zamu yake ya hospitali kule Columbia, akaniambia, "Uncle, si useme tu ni jina ya place fulani, Daddy hata-google tena." Nilikataa. Ndoa ikianza kwa uongo, uongo ndio utakaokuwa mshenga. Akalia, akafuta uso, akasema basi, bila neno lako hataolewa, atamrudishia Ethan pete yake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja zamu yake ya kesho. Huyo ndiye binti uliyemlea, Peterson. Anakutii. Na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana nilimtambua aliyekuwa amesimama pale jikoni. Alikuwa ni mimi.

Unamkumbuka Jerotich, binti wa mzee arap Sang, yule mhunzi wa Chepterit? Hatujamtaja tangu zama hizo. Jembe la baba lilitoka kwa mzee huyo, na kisu cha mama pia, na kengele ya ng'ombe wetu kiongozi. Baba alipokwisha kufariki nilikuja kwako, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki mahali pake, nikakuambia kwamba ninataka kumwoa Jerotich. Ulikuwa unanyoa ndevu. Ulisema, "Hatuoi kwa wahunzi," ukaendelea kunyoa. Nami nikasema sawa.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sikuoa. Shemeji ameniuliza, kanisa limeniuliza, hata wewe ulinitumia picha za walimu wa shule. Nilikuwa nikijibu kazi, makaratasi, maisha ya huku. Watu wote wanajua nilikuja Marekani kutafuta maisha. Ukweli ni kwamba njia ya kupeleka maziwa kiwandani ilipita mlangoni kwa arap Sang, nami sikuweza kuipita tena kila asubuhi. Nilikuja huku ili nisiipite. Nilimpenda, Peterson. Sikukuambia neno hilo siku ile kwa sababu kwetu hatusemi hivyo, na kwa sababu hukugeuka kunitazama.

Sikulaumu. Jerotich yuko Eldoret, nasikia ana wajukuu na duka la vitambaa, Mungu ambariki. Nilikutii, na hakuna laana iliyonipata. Hakuna kitu chochote kilichonipata. Nimeosha wazee wa watu wengine, nimewalisha, nimewafumba macho, kisha narudi nyumbani kwangu nawasha taa.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilifanya ambalo hukunituma. Kwetu ndugu wa baba ni baba, wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilisimama katika sebule ya Ottavio nikasema kwamba sisi, watu wa Mutai, tumewapokea. Mama Chepngetich akapiga kigelegele kimoja kilichomshtua paka, Godlisten akaomba, kwa kirefu. Mzee alilia waziwazi, na Ethan akawa hajui aweke wapi mikono. Niliporudi nikamweleza Audrey. Akanikumbatia, kisha akaniambia, "Uncle, wewe ni baba yangu pia, najua. Lakini wewe si Daddy." Pete ameivua. Iko kwenye sahani ya chumvi, hajairudisha na hajaivaa. Inangoja wewe.

Ndani ya bahasha ndogo utakuta msumari. Ottavio amenipa nikupe. Babu yake aliufua kwa mkono, ana michache tu ya namna hiyo, na kichwa chake kina kingo nne za nyundo ukikipapasa. Mama Chepngetich ameutia kwenye sanduku la chini ya ndege ili wa usalama wasimhoji.

Ukiukataa, usimpe mtu aurudishe. Ulete mwenyewe. Nauli ni yangu, kitanda kipo, na utamwambia Audrey uso kwa uso, umtazame.

Ukiukubali, upigilie jikoni kwa shemeji, pale ukutani ambapo mama alikuwa akitundika kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Tundika kibuyu, kisha piga picha, umtumie Audrey. Usiandike neno lolote. Ataelewa.

Msalimie shemeji sana, na umwambie sweta aliyonifumia bado nzuri ila imenibana tumboni. Wasalimie majirani, na mchungaji pia, ingawa naomba apumzike kidogo na mtandao. Mgongo uukande kwa maji ya moto, usione haya kukandwa. Mungu awalinde nyote hadi tutakapoonana, na safari hii nataka kweli tuonane.

Ni mimi ndugu yako mdogo, na baba wa Audrey baada yako,

Hosea Mutai