Bibi Mdogo wa Mukuju Ametia Sahihi

Alhamisi, usiku.

Na huyo mwanamke kweli amekuja, tena amevaa gauni la gomesi kama anaenda harusi.

Wiki nzima nilikuwa na uoga. Pesa ya kununua nyumba ni ile ya samaki yangu ya miaka yote. Mzee Opio, mwenye kuniuzia, alishasaini kwa chemani, mwenyekiti wa mtaa, na bibi yake pia. Majirani walishatembea mpaka wa kiwanja kushuhudia, wakakunywa soda yao. Wote wakaniambia, "Mama Nekesa, lipa, imekwisha."

Nikasema bado. Mimi nauza sokoni, nasikia mambo. "Mzee, na yule bibi wa Mukuju?"

Bibi mkubwa akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwambie, mama. Mimi nimechoka kumficha."

Chemani akarudisha muhuri kwa mfuko. Bila sahihi ya mabibi wote hagongi, maana kesho huyo mwingine anakuja kunitoa kwa nyumba.

Sikujua mwenye kununua ndiye analipa kila kitu. Mwandishi wa agrimenti ya kuuziana, pesa ya muhuri, soda, na leo hata nauli ya boda ya bibi ya mtu. Na bado loya wa Tororo wa kupitisha karatasi, yule naye sijui atataka ngapi.

Bibi mdogo alipofika leo akauliza, "Nani alisema mimi niko?" Watu wote wakaniangalia. Nikamfungulia soda ya pili. Akasaini.

Baba Nekesa, mume wangu anayenigombeza kila siku juu ya mdomo wangu, jioni hii amenipikia chai mwenyewe.