Bakuli la Jogoo Mwekundu

Mwanakombo, uko wapi shoga? Nimetoka kwa mama mkwe Temeke sasa hivi.

Wifi yangu Zuwena si ameitangazia Chang'ombe nzima kwamba nimemlisha Sadallah limbwata? Eti kaka yake haoni hasikii kwa ajili yangu. Basi leo nimemjibu.

Unalikumbuka lile bakuli la kwenye tamthilia ya enzi za Mwingereza, lenye jogoo mwekundu, ambalo mke mdogo anamlishia mumewe limbwata? Nilichukua bakuli langu jeupe la udongo, nikaisimamisha picha kwenye simu, nikamchora jogoo yule yule kwa rangi ya kucha. Siku mbili nzima! Hata mkia wake uliokatika sikuusahau.

Leo kwenye futari nikamtilia Zuwena uji humo, nikampa kwa mikono miwili. "Karibu wifi, uji wa pilipili manga."

Mkeka mzima ukamkodolea macho jogoo. Wote huifuatilia ile tamthilia!

Zuwena akalisukuma. "Sinywi mie!" Mbele ya mama yake, na swaumu yake kinywani! "Sinywi!"

Nikalichukua, nikanywa mpaka tone la mwisho.

"Limbwata lingekuwemo, wifi, sasa hivi ningekuwa najipenda mwenyewe."

Shoga, watu walicheka mpaka kaimati zikawapalia. Mama mkwe hakucheka. Akamsogezea Zuwena bakuli tupu.

"Kalioshe. Na huyo jogoo asifutike."