Blauzi ya Kumi

Jumatatu, tarehe 7, mwezi wa saba

Zena amekula sabuni. Kile kipande chembamba ninachochorea kitambaa. Niligeuka kuchukua mkasi tu, kugeuka tena nakuta povu mdomoni, na anacheka. Nimemsafisha ulimi kwa kidole. Ana mwaka na miezi miwili. Katika chumba hiki ameshaonja kila kitu isipokuwa sindano, Mungu aepushe.

Kazi imefika. Sare za siku ya hina ya wifi yangu Rehema. Trikoti ya zambarau, ile inayovutika, furushi zima. Blauzi za kujifunga: mbele pande mbili zinapishana, mkanda unapita kwenye tundu ubavuni, unazunguka kiuno, unafungwa. Mama mkwe ameileta mwenyewe, pamoja na karatasi ya majina. Majina tisa. Nimesoma mara mbili. Nimegeuza karatasi nyuma.

Halima, yaani mimi, hayumo.

Labda amesahau. Ana mambo mengi.

Jumatano, tarehe 9

Hakusahau. Rehema alikuja kupimwa, nikamuuliza polepole, mi navaa nini siku hiyo. Akaangalia simu yake. Akasema mama ndiye aliyeandika. Halafu akasema nitakuwa jikoni, na zambarau inashika mafuta.

Miaka miwili niko kwenye nyumba hii ya Buyenzi. Nilitoka Kinama, mtaa mwingine, kwa watu wa kanisa. Nilisilimu, nikapewa jina la Halima, ndoa ikafungwa mbele ya shehe. Jina lenyewe alikuwa analitumia mume wangu Idi peke yake. Alivuka mpaka wa Gatumba mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kutafuta kazi ya gereji upande wa Kongo. Baada ya Ramadhani simu yake ikanyamaza. Tangu hapo mimi ni "fundi". Au "ule wa Kinama".

Sare ni kuhesabiwa. Kila mtu anajua. Anayeangalia picha za harusi anahesabu zambarau, anajua nani ni wa nyumba. Zena akikua atamtafuta mama yake kwenye picha.

Nina hasira. Nimeshona hata hivyo.

Alhamisi, tarehe 10

Mashine inaruka. Sindano ya kawaida haitaki trikoti. Nimekwenda kwa mguu mpaka sokoni kutafuta yenye ncha butu, Zena mgongoni. Nimeweka na vipande vya gazeti chini ya kitambaa ili kisijikunje, nikimaliza nachana gazeti. Hiyo nilifundishwa Kinama. Shuleni niliishia darasa la sita, lakini hii najua.

Shingo ndiyo kazi. Ukiishona hivi hivi inapwaya, mtu akiinama kifua kinaonekana chote. Utepe wa shingo unaukata mfupi kidogo kuliko shingo yenyewe, halafu unauvuta wakati wa kushona. Ukiuachia, shingo inalala kifuani vizuri. Nilifurahi. Dakika kama tano hivi.

Ijumaa, tarehe 11

Nimeharibu. Mikono ya shangazi Tatu nimeikata kinyume.

Huyu ni dada wa marehemu baba mkwe, mdomo wake unajulikana mtaa mzima. Trikoti hii inavutika kwenda pembeni tu. Lazima uivute kwanza kwa mikono ujue inakubali wapi, ndipo ukate. Zena alikuwa analia, nikakata bila kuvuta. Mikono imekuwa migumu kama bomba, na shangazi ana mikono minene. Nimekata mingine kwenye kilichobaki. Imepungua urefu vidole viwili.

Sijamwambia mtu. Naogopa.

Jumamosi, tarehe 12

Tisa zote zimekatwa. Nimekusanya mabaki, nikayatandaza kwenye mkeka. Kipande kikubwa kimoja. Vitatu vya wastani. Riboni nyingi. Na mikono miwili ya shangazi iliyoharibika.

Nimeujaribu mmoja. Mkono wangu mwembamba. Unaingia.

Nimekaa chini nikaangalia. Mgongo naweza kuunganisha vipande vitatu, mishono ikae sawasawa kama nimepanga hivyo. Upande wa mbele wa juu, kile kikubwa. Mkanda, riboni. Desturi ya mafundi ni moja hapa na Kinama: mwenye kitambaa akiyataka mabaki anasema siku ya kuleta. Mama mkwe hakusema.

Nimefunga mlango kama mwizi. Na sijaiba.

Jumatatu, tarehe 14

Kimepungua kipande kimoja tu. Upande wa mbele wa ndani, ule unaofunikwa na mwenzake. Hauonekani, lakini usipokuwepo blauzi haijifungi. Nimepima na kupima. Zambarau imekwisha.

Trikoti nyingine iliyomo chumbani ni fulana ya Idi. Ya kijivu, ya kazi. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango tangu aondoke. Sijawahi kuifua. Siku nyingine ninaipitisha puani kwa Zena, namwambia, baba. Anapiga chafya.

Leo nimeifua. Maji yalitoka meusi. Nililia kidogo, halafu nikaianika.

Mgongo wake umejaa mafuta ya gari, hautoki. Kifua ndicho kizuri, isipokuwa matobo matatu ya asidi ya betri. Yaliwahi kuzibwa kwa uzi wa njano kabla sijaolewa. Idi aliniambia mama yake ndiye aliyeziba, siku hiyo ndani hakukuwa na uzi mwingine.

Nimekata kifua. Safari hii nilivuta kwanza.

Alhamisi, tarehe 17

Nimekabidhi blauzi tisa, zimepigwa pasi. Mama mkwe alizihesabu. Akasema sawa. Neno hilo tu.

Yangu iko chini ya godoro.

Jumamosi, tarehe 19

Niandike kama ilivyokuwa.

Wanawake walianza kufika baada ya adhuhuri. Nilipika pilau tangu asubuhi. Nilipomaliza nikaoga, nikavaa, nikambeba Zena, nikatoka uani. Zambarau kila mahali. Rehema katikati, mikono imejaa hina. Nikakaa mwisho wa jamvi. Jirani mmoja akaniambia umependeza. Nilidhani imepita.

Shangazi Tatu akaona. Alikuwa tangu afike anavuta mikono yake ishuke, haishuki. Akasema kwa sauti ya watu wote, "We fundi, hiyo kitambaa ilitoka wapi? Mi nilikuwa najiuliza mikono yangu inakimbilia wapi, kumbe inakimbilia kwako."

Wakacheka. Na mikono niliyovaa ilikuwa yake kweli. Nikaanza kusema nilikosea kukata. Shangazi akasema watu wa Kinama ukiwapa kidole wanaondoka na bega.

Mama mkwe hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu. "Fungua."

Niligeuka nitafute pa kumweka Zena. Hakuna aliyempokea. Nikamweka chini. Nikafungua mkanda, nikauvuta kutoka kwenye tundu, nikafunua upande wa juu. Ndani ilikuwa fulana ya kijivu. Matobo matatu, uzi wa njano.

Nikasikia makaa ya jiko yanapasuka.

Mama mkwe akaweka kidole kwenye uzi. Tobo la kwanza. La pili. La tatu. "Hii ni mi nilishona," akasema. Hakuniambia mimi. Nikaona vibaya kumtazama usoni.

Shangazi akauliza kuna nini. Yeye akajibu bila kugeuka, "Tatu, kunywa chai yako."

Akarudisha upande wa juu. Akapitisha mkanda kwenye tundu, akauzungusha, akaufunga mwenyewe. Alibana sana, nilishindwa kuvuta pumzi. Halafu akaingia ndani, hakutoka mpaka watu walipoanza kuaga.

Picha zilipigwa yeye akiwa ndani. Hakuna aliyeniita. Nilisimama pembeni na Zena. Nina hakika tumebaki nje ya picha.

Jumapili, tarehe 20

Harusi imepita. Nimeosha sufuria saba. Nawachukia. Kesho labda hapana.

Jumatano, tarehe 23

Mashine imetulia. Zena amelala na kitufe mkononi, nimekitoa.

Asubuhi mama mkwe alikuja mlangoni, hakuingia. Alibaki anaangalia msumari. Akauliza ile fulana, iliyobaki iko wapi. Nikamwambia mgongo upo, na mikono, lakini ina mafuta. Akasema, "Alete tu, hivyo hivyo," kama anamtuma mtu mwingine. Sikutaka kumpa. Na mimi sina kingine. Nikampa. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kanga. Akaniuliza kama Idi amepiga. Nikasema hapana. Akasema hata kwake hajapiga.

Hakuomba msamaha. Sikutegemea.

Adhuhuri nikaona kupitia dirisha blauzi ya shangazi Tatu kwenye kamba, imerudishwa nirefushe mikono. Nitafanya. Nitaweka utepe mpana, wa rangi nyingine, aseme ni mtindo. Nikipata trikoti yangu mwenyewe, ile ya kununua dukani ikatwe mbele yangu, nitashona blauzi ya namna hii na kuitundika nje, kwenye mlango wa barabarani. Watu wa gereji za mtaa huu wana wake. Watauliza nani ameshona. Zena atakuwa anatembea vizuri wakati huo, na baba yake akirudi atakuta

Kuna mtu anaita uani. Halima. Nilifikiri kuna mgeni wa jina hilo. Anaita tena, ni sauti ya mama mkwe, labda kuna kitu kinaungua jikoni, ngoja nika